Lexus LX 470 mjini Lubumbashi: kilichopanda meli na kilichobaki ng'ambo

Lexus LX 470 ya mwisho ni ya mwaka 2007, lakini Lubumbashi bado inauzwa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Muuzaji atakuonyesha ngozi ya viti, mbao za dashibodi na ile herufi L ya mbele. Fundi wa garaji atauliza habari za mkanda wa taimingi unaoendesha vali za injini, mafuta ya suspensheni, na kama injini imewahi kuoshwa kwa pompi ya maji. Wote wawili wanazungumzia gari moja, ila fundi ndiye aliye karibu zaidi na wazo lililoizaa Lexus.

Uamuzi tuuseme mapema. Ni gari zuri, tena zuri kuliko bei yake ya mitumba, kwa mtu aliye tayari kulihudumia kabla halijaharibika. Anayetaka kununua kisha akae kungoja hitilafu ndipo aite fundi, Toyota Land Cruiser 100 ya kawaida, ile ambayo LX 470 imejengwa juu yake, hasa ya mazutu, itamfaa zaidi. Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye asili ya kampuni, maana LX 470 inayofika kwetu imebeba nusu tu ya kile ambacho Toyota ilizindua mwaka 1989 kwa jina la Lexus, chapa yake ya kifahari.

Mwezi Agosti 1983, Eiji Toyoda, mwenyekiti wa Toyota, aliwauliza wakuu wenzake katika kikao cha siri kama kampuni ingeweza kutengeneza gari la kushindana na yaliyo bora duniani. Nyuma ya swali hilo kulikuwa na hesabu ya biashara. Tangu 1981 Japani ilikuwa imekubali kujiwekea kikomo cha magari inayopeleka Marekani, kwa kuanzia milioni 1.68 kwa mwaka. Ukishapangiwa idadi, faida huiongezi kwa wingi. Unaiongeza kwa kupakia magari ya bei kubwa zaidi. Honda ilitangulia na chapa yake ya kifahari, Acura, mwaka 1986. Nissan ilileta Infiniti mwishoni mwa 1989. Toyota ilichukua miaka sita kujibu swali la mwenyekiti wake.

Mradi uliitwa F1, yaani gari la kwanza la kubeba bendera ya kampuni, na mhandisi anayetajwa zaidi ni Ichiro Suzuki. Malengo aliyoyaweka yalipingana yenyewe kwa yenyewe. Gari lifike kilomita 250 kwa saa, lakini litembee angalau maili 22.5 kwa galoni ya esansi, takriban lita 10.5 kwa kilomita 100, kwa sababu gari lililoshindwa kufikia kiwango hicho Marekani ililitoza kodi ya ulafi wa mafuta. Kelele ndani, kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, zisizidi desibeli 58. Namba inayopima upinzani wa hewa ishuke hadi 0.29 au chini ya hapo. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza magari anaona tatizo: mwendo unadai injini kubwa, injini kubwa inadai mafuta, na ukimya kwa kawaida hununuliwa kwa uzito wa mazulia na lami ya kufyonza sauti, uzito ambao nao unadai mafuta tena.

Suzuki alikataa kununua ukimya kwa uzito. Kelele izimwe pale inapozaliwa: sehemu za injini zichongwe kwa usahihi mkubwa zaidi, shafti ikae sawasawa, mtetemo usipate pa kuanzia. Ndipo wahandisi wapatao 1,400 na mafundi 2,300 walipoingizwa kazini, magari ya majaribio kama 450 yakajengwa, na gharama ikapita dola bilioni moja. Injini iliyotoka humo, 1UZ-FE, ilikuwa V8 ya lita 4.0 yenye nguvu za farasi 250, yenye bloku ya aluminiamu. Likumbuke jina hilo la UZ, tutalikuta tena chini ya boneti la LX.

Upande wa pili wa kazi ulifanyika Marekani. Mwaka 1985 Toyota ilipeleka watu California, wakapanga nyumba Laguna Beach, wakawatazama matajiri wanavyoishi na wanavyonunua. Walichobeba kurudi nacho si michoro ya gari peke yake, bali hoja kwamba mnunuzi wa gari la bei hii hawezi kuhudumiwa kwenye duka linalouza Corolla. Likahitajika jina jingine, maduka mengine, na kanuni nyingine za kumpokea mteja: mwaka 1987 wauzaji waliwekewa agano la kumtendea kila mteja kama mgeni aliyefika nyumbani kwao. Jina lilitokana na Alexis, mojawapo ya mapendekezo 219 ya washauri, likakatwa na kupindwa mpaka likawa Lexus. Wenye huduma ya utafutaji wa hati iitwayo Lexis waliishtaki Toyota, wakashinda kwanza, kisha mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikaigeuza hukumu.

Januari 1989, kwenye maonyesho ya Detroit, magari mawili yalivuliwa pazia, na Septemba mauzo yakaanza. LS 400 ndiyo inayotajwa kila mara: gari lililojengwa upya kuanzia skrubu ya kwanza, kwa bei ya kuanzia dola 35,000. ES 250 haitajwi sana kwenye sherehe. Ilikuwa Camry iliyovalishwa vizuri, iliyowekwa dukani ili muuzaji asiwe na gari moja tu la kuonyesha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Lexus ilikuwa na aina mbili za watoto: waliozaliwa Lexus, na Toyota waliopewa suti. LX iko kwenye kundi la pili, na hilo, kwa mtu wa Lubumbashi, ni heri kubwa. Tutaona kwa nini.

Mtihani wa kweli ulikuja Desemba 1989, miezi mitatu tu baada ya mauzo kuanza. Malalamiko mawili yalifika: nyaya za taa ya juu ya breki zilikuwa na kasoro, na kifaa cha kushikilia mwendo kingeweza kukwama. Lexus iliita LS 400 zote zilizouzwa, karibu 8,000. Wateja hawakuambiwa wapange foleni. Mafundi waliyafuata magari nyumbani, wakayatengeneza, wakayaosha, wakayajaza esansi na kuyarudisha, na kazi yote ikakamilika ndani ya siku 20. Kampuni nyingine ingezikwa na kasoro kama hiyo mwaka wa kwanza; Lexus ilijengewa jina nayo. Mwaka 1991 ilikuwa tayari chapa ya kigeni ya kifahari inayouza zaidi Marekani.

Hiyo ndiyo nusu isiyopanda meli. Gari linaloshushwa Dar es Salaam, likapita Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, lina usahihi wa kiwandani ndani yake. Halina yule fundi anayelifuata nyumbani. Magari haya yaliundwa yakitegemea kwamba mtu fulani atafungua daftari na kubadilisha kitu kabla hakijakatika. Hapa kwetu, mtu huyo ni wewe.

LX ya kwanza, LX 450, ilitoka mwaka 1996 kwa sababu wauzaji wa Marekani walikuwa wanaona wateja wao wakihamia magari ya juu yenye magurudumu manne, na wao hawana la kuwapa. Ilikuwa Land Cruiser 80 yenye injini ya silinda sita ya lita 4.5, ikadumu miaka miwili tu. Mwaka 1998 ikaja LX 470 juu ya Land Cruiser 100, na ndiyo iliyojaa kwenye soko la mitumba.

Injini yake ni 2UZ-FE, ndugu aliyezaliwa baada ya ile ya LS 400, lakini mwenye tabia ya kijijini. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu badala ya aluminiamu. Kipenyo cha silinda kimeongezwa kutoka milimita 87.5 hadi 94; ujazo umefika lita 4.7. Nguvu za farasi za matoleo ya mwanzo ni 230, chini ya LS 400, ila msukumo wake unapatikana mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Kwa kupanda na mzigo, au kujinasua kwenye tope la Januari barabara ya Kipushi, hicho ndicho unachokitaka. Ukiiwasha na kusimama pembeni, urithi wa Suzuki unasikika: ikiwa nzima, haitikisiki. Kwa hiyo mtikisiko wowote ikiwa imesimama ni habari. Usimruhusu muuzaji akuambie eti V8 zote ziko hivyo.

Esansi sasa, maana ndiyo swali la kwanza. Hesabu ya serikali ya Marekani ni takriban lita 18 kwa kilomita 100 mjini na 14 hadi 15 barabarani. Tangi ni la lita 96. Kwenda Kolwezi, kama kilomita 300, weka lita 45, na ongeza kama utakwama nyuma ya malori ya shaba. Anayekuambia yake inakunywa 11 ama anasukuma kwa mkono ama anauza. Esansi ya bidoni iepukwe: uchafu na maji huziba filta. Filta ya esansi ya gari hili iko nje ya tangi, haihitaji kushusha chochote, kwa hiyo ibadilishe mara tu unaponunua. Gari likipoteza nguvu kwenye mlima huku likienda vizuri kwenye tambarare, anzia hapo kabla ya kununua pompi mpya.

Mkanda wa taimingi ndio mpaka kati ya mnunuzi makini na mwenye bahati mbaya. Unabadilishwa kila kilomita 150,000, au mapema zaidi ukiwa umezeeka kwa miaka, kwani mpira haujali kilomita pekee. Ukishafungua mbele ya injini usiweke mkanda peke yake. Badilisha pamoja nao pompi ya maji, roli mbili za kuongozea, kikazio cha mafuta kinachobana mkanda, na thamostati. Kazi ya kufungua ndiyo inayokula siku. Pompi ikivuja miezi sita baadaye utalipia siku hiyo mara ya pili. Seti zenye alama ya Aisin ni za kuaminika, lakini soko limejaa maboksi yenye alama hiyo na kitu kingine ndani. Angalia machapisho kwenye mkanda wenyewe na uzito wa roli, si boksi. Kama muuzaji hana karatasi ya lini mkanda ulibadilishwa, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, na ukate gharama hiyo kwenye bei.

Hapo kwenye kilomita kuna mtego. Magari ya Marekani huhesabu maili. Kipimo kikisoma 150,000, gari limetembea zaidi ya kilomita 241,000, na mkanda wa pili unakaribia zamu yake. Tazama kama maneno ya kipimo yanasema maili au kilomita, na kama kioo chake kimewahi kufunguliwa.

Kuna kipande kimoja cha plastiki, kidogo kuliko kidole gumba, ambacho kimeua injini nyingi za aina hii kuliko kitu kingine chochote tunachokijua. Nyuma ya injini, kwenye ukuta unaoitenganisha na kabini, mipira ya maji ya hita imeunganishwa kwa vipande viwili vyenye umbo la herufi T. Plastiki yake huiva kwa joto miaka yote, rangi ikageuka kutoka nyeusi kuwa kahawia, kisha siku moja ikavunjika kama biskuti. Maji ya radieta, karibu lita 15, yanamwagika yote kwa dakika chache. Hita hatuitumii Lubumbashi isipokuwa asubuhi chache za Juni na Julai, kwa hiyo watu hawafikirii kabisa kwamba maji ya injini yanapita huko. Yanapita. Nunua vipande vipya, au vya shaba ya njano, pamoja na vibano vipya. Kazi yenyewe haifiki saa moja. Usiuguse mpira wa zamani kujaribu kama ni mzima ukiwa mbali na garaji, maana kuugusa tu kunaweza kuivunja ile plastiki. Mshale wa joto ukipanda, zima injini papo hapo. Vichwa vya silinda ni vya aluminiamu na vinapinda.

Stata iko mahali ambapo mtu hangeitafuta: katikati ya V, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ikianza kusema "ta, ta" bila kuzungusha, mara nyingi ni vipande viwili vya shaba ndani yake vilivyolika, na vipande hivyo ni vya bei ndogo. Kuvifikia ndiko kunakokula pesa: manifoldi lazima ing'oke. Ukifika huko badilisha na gasketi zake, na ukague nyaya za sensa za kugonga, zile zinazosikiliza kama injini inagonga, zilizolala kwenye bonde hilo hilo. Sasa unajua kwa nini fundi aliuliza kama injini imewahi kuoshwa. Vijana wa kuosha magari wanapenda kupuliza injini ing'ae kwa ajili ya mnunuzi; maji yanatuama kwenye bonde, stata inakufa, sensa zinaanza kusema uongo. Injini inayong'aa sana siku ya kuuzwa ni ya kutiliwa shaka. Vumbi jekundu la kiangazi halidhuru kitu pale lilipo, mradi filta ya hewa inabadilishwa mara mbili zaidi ya vile kitabu kinavyosema.

Sauti ya "tik tik" injini ikiwa baridi, inayopotea ikipata moto, kwa kawaida ni ufa kwenye manifoldi ya ekzosi. Chuma kikipanuka ufa hujifunga. Si dharura, ila usilipe bei ya gari zima. Wapo mafundi watakaokuambia ni vali na kutaka kufungua vichwa. Waambie waisikilize injini ikiwa na moto kwanza.

Sasa suspensheni, ambayo ndiyo sababu ya LX 470 kuwa LX na si Land Cruiser. Gari linaweza kushuka ngazi moja ili mzee apande bila kuinua mguu sana, na kupanda ngazi moja kwa ajili ya mashimo; ukiongeza mwendo linarudi katikati lenyewe. Pompi husukuma mafuta maalumu kwenda kwenye mitungi minne inayofanana na amotisa, na kila mtungi umeunganishwa na tufe la chuma lenye gesi ya nitrojeni nyuma ya utando. Springi hazijaondolewa: mbele kuna vyuma vya kujisokota, nyuma kuna springi za mviringo. Mafuta yanasaidia tu.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Gari likianza kudunda kama mkokoteni, fundi hulaumu matufe moja kwa moja. Mara nyingi mwanzo wa ugonjwa ni springi zilizochoka. Springi ikilegea, mafuta yanalazimika kubeba uzito ambao hayakupangiwa, shinikizo linapanda, gesi inabanwa kupita kiasi, na hapo ndipo matufe huchoka. Ukiweka matufe mapya juu ya springi za zamani, umenunua ugonjwa ule ule upya. Shinikizo la kawaida mbele ni MPa (megapaskali) 6.9 hadi 7.4, nyuma MPa 5.6 hadi 6.7, gari likiwa kwenye ngazi ya katikati bila mzigo. Mbele hurekebishwa kwa kukaza bolti za vyuma vya kujisokota, ambapo mzunguko mmoja kamili hupunguza takriban MPa 0.2. Nyuma, weka springi mpya.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine, na mnunuzi anaweza kukifanya mbele ya muuzaji. Injini ikiwa inanguruma, shusha gari hadi ngazi ya chini, usome kiwango cha mafuta kwenye chupa yake yenye mistari. Lipandishe hadi ngazi ya juu, usome tena. Tofauti ikiwa karibu na mistari 14, matufe ni kama mapya. Ikiwa 7 au chini, yamekwisha. Gari likigoma kupanda kabisa, au likichukua muda mrefu upande mmoja ukitangulia, hiyo ni bei nyingine.

Mafuta yake huuzwa kwenye makopo ya lita 2.5 na si rahisi kuyapata Lubumbashi; wengi huyaagiza Dubai. Usikubali kuwekewa mafuta ya breki wala ya giaboksi badala yake, kwani raba za ndani huvimba. Na tahadhari ya maisha: kabla ya kuinua gari kwa jeki, zima mfumo kwa kitufe chake, na usilale chini bila stendi za chuma. Bolti ya kutolea hewa ikifunguliwa, gari hushuka ghafla.

Magari mengi hapa yamekwisha kung'olewa mfumo huo na kuwekewa amotisa za Land Cruiser 100. Si dhambi. Ikifanywa sawasawa, gari linakuwa gumu kidogo na la kuaminika zaidi. Lakini vyuma vya kujisokota vya LX ni vyembamba kuliko vya Land Cruiser, kwa sababu vilitegemea mafuta kusaidia. Anayebadilisha amotisa peke yake anaacha pua ya gari ikiinama. Vyuma vya mbele na springi za nyuma lazima vibadilishwe pia. Uliza, kisha chungulia chini mwenyewe. Taa ya suspensheni inayowakawaka kwenye dashibodi ni dalili ya ubadilishaji huo, na pale ambapo balbu yake imeondolewa kabisa, mtu ameamua kukuficha jambo.

Breki zina pompi ya umeme inayohifadhi shinikizo. Zima kontak, kanyaga pedali mara 40 hadi iwe ngumu, washa kontak bila kuwasha injini, sikiliza. Pompi inapaswa kunyamaza ndani ya sekunde 40 hivi. Ikiendelea kunguruma, au ikijiwasha kila mara bila wewe kukanyaga, kifaa kizima kinaelekea mwisho, na ni mojawapo ya piesi ghali kuliko zote kwenye gari hili. King'ora kikilia pamoja na taa nyekundu, simama. Sio lile gari la kusema "tutafika tu".

Tulisema kuwa Toyota iliyovaa suti ni heri. Hii ndiyo heri yenyewe: bearingi za magurudumu, pompi ya maji, redieta, raba za suspensheni, difu, vyote ni vya Land Cruiser 100, na vinapatikana kwa wauza piesi wa mjini na ng'ambo ya mpaka, vipya na vya kuchinja, yaani vilivyong'olewa kwenye magari mengine. Mwenye LS 400 hana anasa hiyo. Piesi za LX peke yake ni taa, bampa, ngozi, mbao na zile za suspensheni. Ukipata iliyogongwa mbele, hesabu taa kwanza. Moja tu inaweza kuwa ghali.

Namba ya shasi isome mwenyewe, kwenye gari na si kwenye fotokopi. Kwa magari ya Marekani, herufi ya 10 hutaja mwaka wa modeli: W ni 1998, X ni 1999, Y ni 2000, kisha 1 hadi 7 kwa miaka 2001 hadi 2007. Ifanane na karatasi za DGDA, yaani forodha ya Kongo, la sivyo umenunua kesi. Usukani wa LX za Marekani na za Ghuba uko kushoto. Ukikuta ulio kulia, huenda ni gari la Australia, au ni Land Cruiser Cygnus, kwa sababu Japani yenyewe haikuuza magari kwa jina la Lexus hadi 2005 na dada yake LX aliitwa Cygnus. Cygnus ni gari lile lile chini, na si kosa kuinunua. Kosa ni kuilipia bei ya alama iliyobandikwa Kasumbalesa. Zile za majimbo ya theluji ya Marekani zikague shasi ya nyuma na mabomba ya breki, chumvi ya barabarani huzila. Za Ghuba hazina kutu, ila raba na plastiki zimekaushwa na jua, na vile vipande vya T huwa hoi zaidi.

Kuhusu mwaka wa kuchagua: za 1998 na 1999 zina difu ya mbele yenye gia ndogo mbili tu ndani, na huvunjika mtu akirudi nyuma kwa nguvu kwenye tope. Kuanzia 2000 ziliwekwa nne, pamoja na kifaa cha kuzuia gurudumu moja kuzunguka bure. Za 2003 zilipata giaboksi ya gia tano na magurudumu ya inchi 18, mazuri kwa macho, mabaya kwa mashimo ya Ruashi. Za 2006 na 2007 zina nguvu zaidi, lakini zile za Marekani zina pompi ya ziada ya kupuliza hewa kwenye ekzosi ambayo ikifa gari linakataa kwenda kwa nguvu zake zote, na hapa hakuna anayeihitaji. Tungechukua ya 2000 hadi 2002, yenye tairi za 275/70R16, suspensheni nzima au iliyobadilishwa sawasawa, na karatasi ya mkanda. Rangi isiwe hoja.